Mkono wa Wifi Yangu na Maneno Pacha

Wifi yangu hakuiba mtihani. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa, na limesemwa tena mwezi uliopita kwenye kikao cha harusi ya mtoto wa jirani, mimi nikiwa nimekaa viti viwili tu kutoka kwa msemaji. Alisema kwamba yule mama anayeongoza chumba cha wasomaji pale kiwanda cha uchapaji alikipata kiti chake kwa majibu ya kugongeana mezani, na kwamba kaka yake, ambaye ni marehemu mume wangu, ndiye aliyepanga ishara. Watu wakacheka. Sikucheka na sikujibu, maana sikulelewa kugombana kwenye shughuli za watu. Nilirudi nyumbani, nikavua viatu, nikachukua karatasi.

Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka thelathini na mmoja. Wizi wa mtihani naujua unavyofanana. Nimekuta majibu yameandikwa kwenye rula, kwenye upindo wa sketi, ndani ya kifuniko cha kalamu. Kwa hiyo asije mtu akasema natetea undugu tu.

Wifi ni kitinda mimba kwao. Aliacha shule kidato cha pili, mama yao alipopooza upande mmoja. Wakubwa wote walikuwa na ajira au ndoa. Yeye alikuwa na madaftari tu, na madaftari ndiyo mepesi kuweka chini. Alimuuguza mama miaka minne. Mama alipofariki, mume wangu akamleta kwetu na sanduku moja la bati. Alikuwa na miaka ishirini na moja, mrefu, mwenye sauti ya kukwaruza kidogo, na kukaa bure hakujui. Wiki ya pili alitoka asubuhi bila kuaga, akarudi mchana amepata kazi ya usafi palepale kiwandani kwa kaka yake. Kaka mwenyewe hakuambiwa. Dada alikwenda getini kama mtu yeyote, akaandikisha jina.

"Wifi, umekosa pengine pote?" nilimuuliza.

"Pengine pote wameniuliza cheti. Pale wameniuliza kama najua kupiga deki."

Nilikasirika, sifichi. Mume wangu alikuwa mkuu wa chumba cha wasomaji, mtu wa kuvaa tai kila siku, halafu dada yake awe anapita mlangoni kwake na ndoo. Wageni wakiniuliza nilijibu kwamba wifi yuko kiwandani, nikaishia hapo. Mume wangu hakuona tatizo. Alisema sakafu ya mashine ikiwa na mafuta mtu anavunjika nyonga, kwa hiyo anayeifuta hana cha kuonea aibu. Wafanyakazi wakamwita Deki, naye akaitika.

Sasa lazima nikieleze hicho chumba, maana uongo wote umeota humo.

Kila kinachochapwa pale, vitabu vya shule, fomu, karatasi za maelezo ya dawa, kadi za mwaliko, husomwa kwanza kabla ya kuruhusiwa kwenda mashine kubwa. Wasomaji hukaa wawili wawili. Mmoja anayo prufu, ile karatasi ya majaribio, na kalamu nyekundu. Mwenzake huitwa mshika nakala. Yeye ameshika maandishi ya mwandishi mwenyewe, na ndiye anayesoma kwa sauti. Husoma kila kitu: herufi kubwa, koma, nukta, fungua mabano, funga mabano. Ukipita nje unaweza kudhani ni watu wanaosali dini usiyoijua.

Kazi hiyo ina shimo moja. Sikio halioni. Mshika nakala akisoma "principal", yaani mkuu wa chuo, na kwenye prufu limekaa "principle", yaani kanuni, wote wawili watatikisa kichwa na kosa litapita katikati yao bila hata kubisha hodi. Na kwa midomo yetu sisi mambo ni mabaya zaidi. Mwingereza anajitahidi kutenganisha "affect" na "effect". Sisi yote mawili yanatoka mdomoni yakiwa kitu kimoja. "Accept" na "except", hivyo hivyo. "Lose" na "loose", hivyo hivyo.

Kwa hiyo chumba kilikuwa na desturi yake, na desturi hiyo ilikuwapo kabla mume wangu hajaajiriwa. Kila neno lenye pacha lilisomwa na kugongwa mezani kwa kifundo cha kidole. Pacha anayetangulia kwenye kamusi anagongwa mara moja, anayefuata mara mbili. "Affect" mara moja, "effect" mara mbili. "Advice" mara moja, "advise" mara mbili. "Loose" mara moja, "lose" mara mbili. Mwenye prufu alisikia pigo, akatazama neno lake, akajua kama wako pamoja. Meza za chumba kile zilikuwa na vishimo upande wa kushoto, kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa unafuata mistari.

Wifi alipiga deki chumba hicho na korido yake mara tatu kwa siku, kwa miaka tisa. Mlango haukufungwa, kwa ajili ya joto. Nyumbani tulianza kumsikia.

"Wifi koma chai yako inapoa nukta," aliniambia siku moja.

"Usiniambie koma kwenye nyumba yangu," nikamjibu, na mume wangu akacheka mpaka akapaliwa.

Tulichukulia kuwa ni mzaha tu. Mpaka Jumapili moja, tukiwa tunakunywa chai, nilikuwa nasoma kwa sauti barua kutoka shuleni kwetu. Mkuu wa shule alikuwa anawataka walimu waagize "stationery", yaani karatasi, bahasha na wino, kabla ya mwisho wa mwezi. Nilipolitamka, kidole cha wifi kiligonga meza mara mbili. Nikaiweka barua chini. Nikatunga sentensi yangu mwenyewe: gari lilikuwa "stationary", limesimama, halitembei. Kidole kikagonga mara moja.

"Nani amekufundisha?"

"Kunifundisha nini?"

"Kugonga."

Alitazama mkono wake kama mtu aliyeambiwa ana tope usoni. "Si ndivyo linavyosomwa?"

Alidhani mapigo ni sehemu ya Kiingereza, kama koma. Mume wangu alitaka kucheka lakini mimi nilikuwa nimeanza kufikiri kama mwalimu. Maneno yale mawili kwa sikio ni sawasawa. Sasa kidole kilijuaje? Kilijua kutokana na sentensi. Binti wa kidato cha pili, kwa kusikiliza tu huku ameinama juu ya ndoo, alikuwa ameshajua ni sentensi ipi inamtaka pacha yupi. Nilimuuliza maana ya hayo maneno, hakuweza kusema. Nilimjaribu na mengine kumi. Mkono ulikosa moja.

Mwaka huohuo mshika nakala mmoja alistaafu. Tangazo likabandikwa ubaoni: mfanyakazi yeyote wa kiwanda anaruhusiwa kufanya mtihani wa nafasi hiyo, bila kuangalia cheti, kwa sababu chumba kilihitaji mtu anayejua Kiingereza na si anayesema anakijua. Wifi alilisoma tangazo huku ameegemea fimbo ya deki. Jioni alisema anakitaka kile kiti. Hakuwahi kusema anataka kitu tangu aingie nyumbani mwetu, hata nguo ya sikukuu.

Mume wangu akasema, "Basi mimi simo. Sitatunga, sitasahihisha, na siku hiyo sitakanyaga kiwandani. Na humu ndani usiniulize neno lolote la Kiingereza, hata tafsiri ya jina la sabuni."

Kesho yake aliandika barua kwa meneja akisema hayo hayo. Nakala ninayo. Mtihani ulitungwa na mkufunzi wa chuo cha uchapaji, mwanamke ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kumwona.

Aliyemfundisha ni mimi. Wiki sita, kila siku nikitoka shule, kwenye meza ya kupigia pasi.

"Affect na effect," nilimwambia siku ya kwanza.

"Pigo moja, mapigo mawili."

"Sitaki mapigo, nataka maana. Dawa inaufanya nini mwili?"

"Inauathiri."

"Na inachoacha ndani ya mwili ni nini?"

"Athari. Wifi, mbona haya tunayo?"

"Tunayo. 'Affect' ni kuathiri, 'effect' ni athari. Endelea. 'Advise'?"

"Kushauri."

"'Advice'?"

"Ushauri." Akaweka kalamu chini. "Miaka yote hii wanatoboa meza, kumbe wangeulizana kwa Kiswahili tu."

Nilimwonya kwamba "effect" nayo mara chache hutumika kama kitenzi, kwa maana ya kuleta jambo likawepo, lakini asiitafute; ikimhitaji itamtafuta yenyewe. Tukaendelea hivyo. Nilikuwa nimefundisha miaka kumi na mbili wakati huo, na nakiri kwamba kwa wiki zile sita wifi alinifundisha namna ya kufundisha. Wanafunzi wangu walikuwa wanababaika na "fewer" na "less" mpaka machozi. Yeye alisema, "Si ni vichache na kidogo? Vikombe vichache, maji kidogo. Nani anaweza kusema maji machache?" Kwenye "lie" na "lay" alinitazama kama namdanganya kuwa ni vigumu. "Mtu analala, mtoto analazwa. Basi. Na 'rise' na 'raise' ni hao hao: mimi nainuka, ndoo nainua."

"Ila usisahau kwamba 'lie' ya jana inageuka 'lay'," nikamwambia.

"Hapo sasa Waingereza wamekosa adabu."

Palipokuwa pagumu ni pale ambapo Kiswahili hakikumsaidia. Sisi neno kuazima linakwenda na kurudi: niazime, nimeazima kwako, nikuazime. Kwao "borrow" ni mkono unaopokea na "lend" ni mkono unaotoa.

"Mfano," nikamwambia, "mwavuli wangu uko kwako tangu mvua za mwaka jana. Wewe ulifanya nini?"

"Mimi sikufanya 'borrow'. Nilikuwa nautunza."

"Na mimi?"

"Wewe ulifanya 'lend' kwa moyo mweupe."

Kwa "lose" na "loose" alijitengenezea njia yake. Alisema "loose" ina o mbili zimekaa kwa kujinafasi, kama suruali ya kaka. Hiyo ndiyo kulegea. "Lose" imepotewa na o moja, na ndiyo kupoteza. Niliipeleka darasani Jumatatu na sikusema nimeitoa wapi.

Wakati wote huo mkono wake wa kushoto uliendelea kugonga ubao wa pasi, taratibu, kabla hajaandika jibu. Nilikuwa nauona. Niliuacha kwa sababu majibu yalikuwa sahihi. Katika habari hii yote kosa langu ni hilo moja, na nimelibeba miaka mingi: mwalimu aliyepewa taarifa na macho yake akaipuuza.

Siku ya mtihani ilikuwa Alhamisi. Mume wangu alibaki nyumbani kama alivyoahidi, akawa anatengeneza mguu wa stuli. Watahiniwa saba walikaa kwenye chumba cha kulia cha kiwanda, kwenye meza moja ndefu ya mbao, wakisimamiwa na katibu muhtasi wa meneja. Karatasi ilikuwa na sentensi arobaini, kila moja ina pengo, na chini yake maneno mawili yamepangwa kwa kufuata kamusi. Chagua la kwanza au la pili.

Mnaosoma mmeshaona kilichotokea. Kwenye sentensi ya kumi na moja karani wa stoo, aliyekuwa mmoja wa watahiniwa, aliinua mkono.

"Bibi, meza inaongea huku."

"Inasemaje?" katibu alimuuliza.

"Inasema moja, mbili, mbili, moja. Sikiliza mwenyewe. Huyu Deki anawagawia wenzake majibu."

Katibu alisogea, akasimama nyuma ya wifi. Akasikiliza maswali matano, akitazama karatasi. Kila pigo lilikuwa na jibu lake. Upande wa pili wa meza alikaa mama wa kujalidi vitabu, rafiki yake wifi wa kula naye mchana. Hiyo ikatosha. Karatasi ikachukuliwa.

"Mbona unaichukua?" wifi aliuliza.

"Umegonga tangu umeketi."

"Mimi? Nimegonga?"

Watu wakacheka, kwa sababu hakuna anayeamini kwamba mtu anaweza kutosikia mkono wake mwenyewe. Mtihani ukafutwa. Wale sita walipangiwa kurudia wiki iliyofuata. Wifi aliambiwa afike kwa meneja Jumatatu ajieleze, na akishindwa, basi kiti asahau na deki aiache stoo.

Alifika nyumbani saa nane mchana, mimi nikiwa ndiyo kwanza nimetoka shule, akatueleza akiwa amesimama. Hakulia. Aliuliza tu kama ni kweli anagonga, nikamwambia ni kweli, akasema, "Ungeniambia, wifi."

Nikamgeukia mume wangu. "Nenda kawaeleze. Wewe ndiye unayejua meza za chumba chako."

"Nikienda watasema nimemfundisha mimi."

"Usipokwenda watasema umemfundisha halafu umejificha."

"Watasema vyovyote. Niliandika kwamba simo. Nikiingia leo kwa sababu amebanwa, ile barua ilikuwa ya uongo, na kila prufu niliyowahi kuweka sahihi itatiliwa shaka."

"Kwa hiyo dada yako afukuzwe ili sahihi yako ibaki safi?"

Alirudi kwenye stuli yake. Hatukusemezana mpaka Jumamosi, na kwa wanaosema kwamba alipita mlango wa nyuma kumwona meneja, mimi nilikuwa nyumbani siku zote tatu, hata Ijumaa sikwenda shule, na mlango wa nyuma wa nyumba yetu ulikuwa unaelekea jikoni kwangu. Jumamosi jioni ni wifi aliyetupatanisha. Aliweka sahani mezani akasema, "Muacheni kaka. Akisema yeye, hata nikipata hicho kiti kitakuwa chake. Jumatatu nakwenda mimi."

Jumatatu niliomba ruhusa shuleni nikamsindikiza mpaka getini. Mlinzi alinipa benchi lake.

"Mwalimu umekuja kumlipia faini?" akanitania.

"Nimekuja kuona kama geti lenu linafungwa vizuri."

Ya ndani nimeyapata kwa wifi mwenyewe saa hiyohiyo alipotoka, na kwa taarifa ya mkufunzi, ambayo nimeisoma. Ofisini alikuwapo meneja, katibu, na yule mkufunzi, aliyekuja na karatasi mpya za kurudia mtihani. Wifi alibaki amesimama na aproni yake ya kazi, kwa sababu alikuwa ameshapiga deki korido nzima kabla ya kuitwa.

"Unakanusha?" meneja alimuuliza.

"Sikanushi. Nimegonga. Ila sikujua kama nagonga, na sikumgongea mtu."

"Mtu mzima hajui mkono wake unafanya nini?"

"Meneja, hapo ulipo unatikisa mguu tangu nimeingia."

Katibu alitazama dirishani. Mkufunzi, ambaye ndiye pekee aliyeweza kuona chini ya meza kutoka pale alipokaa, alisema ni kweli. Meneja akausimamisha mguu.

Hapo ndipo wifi akaeleza kila kitu, miaka tisa ya ndoo na mlango wazi, na akaomba jambo moja. Apewe karatasi mpya, akae peke yake na mkufunzi, na mkono wa kushoto ufungwe kwa kamba ya vifurushi. Meneja alikuwa tayari kukubali. Mkufunzi akasema yeye hasimamii mtihani wa mtu aliyefungwa kamba. Akaagiza kikombe cha chai, kikajazwa mpaka kwenye ukingo. Wifi akakishika kwa mkono wa kushoto, kiganja kimekizunguka, juu ya meza. Pigo moja, chai inamwagika, na mtihani umeisha.

Wanaopenda kusimulia habari hii hawafiki kamwe kwenye kikombe hicho, ingawa mambo yote yalikuwa hapo. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba sheria mpya itafanya jambo fulani kwa wafanyakazi wote, na maneno yalikuwa "affect" na "effect". Wifi anasema kichwa kilikuwa kitupu kama ndoo iliyogeuzwa. Miaka tisa mkono ulikuwa unajibu kwanza, kichwa kinafuata. Sasa mkono umezuiwa na hakuna aliyejibu. Aliitazama ile chai. Ilikuwa inatetemeka ukingoni. Alifikiria kuweka kalamu chini, amshukuru yule mama, aende zake stoo akakabidhi deki.

Kisha, anasema, akaisoma ile sentensi tena, mara hii kwa Kiswahili, kimoyomoyo, kama tulivyokuwa tukifanya kwenye meza ya pasi. Sheria itafanya nini wafanyakazi? Itawaathiri. Akaandika la kwanza. Ya pili: mteja aliomba nini, kushauri au ushauri? Ya tatu: wote walifika, isipokuwa mmoja. Wenzake walipewa saa moja. Yeye alitumia karibu mbili, na mkufunzi hakumharakisha. Chai ilipoa ikaota utando juu. Haikumwagika hata tone, na kidole gumba kilikuwa kimekufa ganzi.

Alipata thelathini na saba kati ya arobaini. Mkufunzi alisahihisha palepale, kisha akamwambia aweke kikombe chini na ajibu zile tatu alizokosa, sasa kwa kugonga. Mkono ulipata moja, ukakosa mbili. "Kwa hiyo," mkufunzi aliandika kwenye taarifa yake, "mtahiniwa anajua bila mkono wake. Kugonga ni mazoea ya chumba cha wasomaji, ameyaokota kazini bila kufundishwa na mtu. Sikuona udanganyifu." Wale sita walirudia mtihani wao, kila mtu peke yake. Aliyemfuata wifi kwa karibu zaidi alikuwa mama wa kujalidi, mwenye ishirini na tisa. Mngesema huyo aligongewa na nani?

Nilipokuwa kwenye benchi nilimwona anatoka kwa hatua zake ndefu, aproni mkononi. Mlinzi alimuuliza kama amefukuzwa.

"Nimehamishwa chumba," alisema.

Jumatatu iliyofuata alikaa kwenye kiti cha mshika nakala. Mume wangu aliingia saa mbili kamili na tai yake, akasimama mbele ya meza ile, akasema, "Habari za asubuhi, mshika nakala," kwa sauti ileile aliyowasalimia wengine wote, naye akajibu, "Nzuri, mkuu." Tangu siku hiyo mpaka alipostaafu, mume wangu hakukubali kusoma naye meza moja, wala kuweka sahihi kwenye kazi za dada yake; hizo zilikwenda kwa naibu wake. Aliyemfanya wifi kuwa mkuu wa chumba ni mtu wa tatu kushika nafasi hiyo baada ya kaka yake, na wakati huo mume wangu alikuwa hata korido ya kiwanda ameshaisahau.

Wifi hakuyafuta mapigo. Chumba bado kinagonga, na meza ni zilezile. Aliongeza jambo moja tu. Anayeingia mgeni haruhusiwi kugonga neno lolote mpaka kwanza ameweza kulisema kwa Kiswahili, yeye na pacha wake. Ameanzisha daftari la hayo maneno, sasa ni la tatu, na mpaka walimu wa shule yangu ya zamani huja kuomba nakala. Mwaka juzi mama wa kujalidi, yule yule wa meza ndefu, aliingia chumbani kwa mtihani halali kabla ya kustaafu kwake, akashika nakala miaka miwili ya mwisho. Mwaka huu wifi ana wasomaji kumi na wawili chini yake. Wanne walianza na deki, stoo au jalada, na hakuna aliyeulizwa cheti.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ishara hazikupangwa na mume wangu, kwa kuwa alizikuta. Majibu hayakugawiwa, kwa kuwa aliyegonga hakujisikia, na alipozuiwa kugonga aliwashinda wote. Aliyesahihisha hatukumjua, na hajawahi kunywa hata maji kwetu.

Limebaki swali moja ambalo watu huniuliza kwa kunong'ona, wakidhani ndilo litakalonitoa jasho: kwa nini karani wa stoo alihamishwa mwaka uliofuata, na kama wifi alihusika. Hakuhusika. Sababu yenyewe naijua, niliambiwa na mtu aliyekuwapo. Mwenye sababu hiyo ana watoto, na watoto hao nimewafundisha. Sitaisema.